Mlango Umekwenda kwa Fundi

"Samahani, mlango," alisema jirani wa chumba cha mwisho, akainua ndoo yake ya maji ya kuoga na kuiruka miguu ya Pasi iliyokuwa imetokeza kwenye korido.

Pasi alicheka. Mgongo ulikuwa unamuuma na kope zimekuwa nzito, lakini utani wa jirani ukiukataa unageuka ugomvi, na chumba chake hakikuwa na nafasi ya kuweka ugomvi. Alikunja mkeka, akaliweka sawa shuka lililoning'inia mahali pa mlango, akageuka ndani kuhakikisha wote wamo. Walikuwemo. Mama yake alikuwa ameketi kitandani, macho yake yasiyoona yameelekezwa kule upepo unakoingilia. Binti yake, ambaye nyumba nzima humwita Mwalimu kwa sababu hawezi kusikia mtu akikosea hesabu akanyamaza, alikuwa anavaa sare ya shule juu ya gauni la kulalia. Tangu mlango uondoke, msichana yule alikuwa amejifunza kuvaa na kuvua nguo ndani ya nguo.

"Umelala, baba?" aliuliza Mwalimu.

"Nimelala vizuri."

"Muongo," alidakia mama yake. "Nimekusikia ukikohoa mpaka kumekucha. Na mimi sijafumba jicho. Mtu atalalaje barabarani?"

Mlango wenyewe ulikuwa umeondoka kistaarabu kabisa. Mwenye nyumba alipandisha kodi ya vyumba vyote, wapangaji wakanung'unika, kisha mmoja mmoja wakakubali. Pasi hakukubali. Haukuwa ushujaa. Jina lenyewe alilipata kwa kupiga pasi katika duka la dobi, kazi ya kunyoosha kila kitu, lakini mshahara wake alikuwa ameshaunyoosha mpaka unaonyesha upande wa pili. Siku chache baadaye fundi wa mwenye nyumba alikuja na bisibisi, akafungua bawaba, akaubeba mlango begani. Mwenye nyumba alisimama pembeni na kikombe cha chai. Alisema mlango ni mbovu, unakwenda kutengenezwa, na kwamba yeye hana tabia ya kufukuza watu. Ila kama Pasi angeikubali kodi mpya, mlango ungepona haraka. Kuanzia siku hiyo korido nzima ikawa inasema mlango wa Pasi umelazwa.

Alikwenda ofisi ya mtaa. Ofisa alimsikiliza huku akichokonoa meno.

"Vitu vyako vimetolewa nje?"

"Hapana, mheshimiwa."

"Wewe mwenyewe umetolewa nje?"

"Hapana."

"Basi uko ndani, unalalamika nini? Sheria inakataza kumtoa mpangaji. Haijakataza kutengeneza mlango."

Aliporudi alitafuta ubao, akaupigilia. Jioni ileile fundi akaja akaung'oa, kwa maelezo kwamba fremu ni mali ya mwenye nyumba na misumari haikuombewa ruhusa. Kuhama nako kulitaka kodi ya nusu mwaka mkononi, na mtu mwenye fedha hizo asingekuwa anaishi pale. "Akufukuzaye hakwambii toka," alisema mama yake.

Hata hayo wangeyavumilia. Kisha usiku mmoja mlevi wa chumba cha tatu alikosea chumba. Alisukuma shuka, akaketi kwenye godoro la Mwalimu, akaanza kuvua viatu. Binti hakupiga kelele. Alijibanza ukutani akatetemeka mpaka bibi yake akasikia meno yanavyogongana. Asubuhi mlevi aliomba radhi, na pengine ni kweli alikosea. Lakini Mwalimu alikuwa karibu na mitihani, na tangu siku hiyo kila akisikia nyayo kwenye korido alipoteza mstari aliokuwa anausoma. Kwa hiyo Pasi akawa analala kwenye kizingiti. Mkewe hakuweza kumsaidia, maana alikuwa anafanya usafi wodini zamu ya usiku.

Kilichomuuma zaidi kilikuwa kitu kidogo. Tangu alipopoteza macho, mama yake alikuwa na kamba ya buluu, ncha moja imefungwa kwenye ubao wa kitanda chake na nyingine kwenye komeo la mlango, kwa ndani. Kila usiku kabla ya kulala aliivuta. Ikikaza, mlango umefungwa. Ikilegea, kuna mtu kaacha wazi, naye angepiga kelele mpaka mtu huyo ainuke. Fundi hakutaka kuhangaika na fundo. Aliikata kamba katikati, akaondoka na mlango na kipande chake. Kipande cha pili mama alikuwa anakishika mkononi usiku kucha, anakivuta, hakikazi.

Asubuhi hiyo Pasi alikutana na mkewe kwenye ngazi, yeye anatoka, mke anarudi, ananuka dawa ya kuoshea sakafu.

"Leo utamwona mwenye nyumba?"

"Nitamwona."

"Mume wangu, usimwombe. Muulize tu siku. Mtu akipewa siku anaweza kusubiri."

Mwenye nyumba alikuwa nje anaosha gari lake. Pasi alimwamkia, akauliza habari za nyumbani, habari za gari, halafu akauliza siku.

"Ndugu yangu," alisema mwenye nyumba bila kuacha kusugua, "mlango uko kwa fundi. Kazi nzuri haitaki pupa."

Dukani kwa dobi mvuke ulikuwa umeshajaa mpaka darini. Bosi alisimama mlangoni pa chumba cha pasi, kwa kuwa ndani hakuwahi kuingia, na akatangaza habari aliyoiita njema. Wamepata kazi ya hoteli kubwa. Mashuka yatafika jioni na yatatakiwa asubuhi. Kuanzia leo Pasi yuko zamu ya usiku.

"Bosi, usiku siwezi. Nyumbani kwangu mlango umeondolewa."

"Mlango?" Bosi aliwatazama wafuaji ili wacheke, nao wakacheka. "Kwani wewe unapigia pasi mlango?"

"Nina binti, bosi. Na mama haoni. Nipe muda kidogo, mlango ukirudi..."

"Sikiliza. Kila mtu hapa ana binti. Jua likizama nikukute hapa, au nimkute mwingine. Wako wengi sana getini." Alipomaliza akarudi kwenye sauti ya kawaida, kama mtu aliyefunga bomba. "Hivyo vitambaa vya meza ukishavinyoosha vipeleke ukumbi wa maonyesho. Wana wageni leo."

Pasi alinyoosha vitambaa vyeupe mpaka vikawa vigumu kama karatasi. Mkono ulifanya kazi peke yake, kichwa kikihesabu watu wanaoweza kukaa kizingitini. Jirani wa chumba cha mwisho? Huyo ameshakubali kodi mpya, hataki kuonekana. Shangazi wa binti? Anaishi mbali, naye ana watu wake wa kuwatunza. Mkewe? Wodini alishaomba ruhusa mara mbili na kuambiwa ya tatu asirudi. Alifika mwisho wa watu wake upesi kuliko alivyofika mwisho wa vitambaa.

Ukumbi wa maonyesho ulikuwa jengo la vioo ambalo alikuwa amelipita mara nyingi bila kufikiri kwamba lina mlango wa kuingilia watu kama yeye. Juu paliandikwa: PRESHA. Chini yake, kwa herufi ndogo: Maonyesho ya pamoja ya wasanii kuhusu wasiwasi wa kila siku. Mlinzi alimwelekeza apitie katikati mpaka kwenye meza za nyuma, na akamwonya asiguse kitu.

Alipita taratibu, rundo la vitambaa mikononi. Kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye vinywa vitatu, vyote vimefumbwa. Kulikuwa na sinia la bati lililojaa simu za zamani zinazotetemeka pamoja, zikipiga kelele mtu asijue ajibu ipi. Kulikuwa na kitanda kilichotandikwa mawe. Watu waliovaa vizuri walikuwa wanazunguka na glasi za maji ya matunda, wanatazama, wanatikisa vichwa. Pasi alijiambia kwamba picha ya vinywa vitatu ni nzuri, amemwona mkewe humo.

Kisha, katikati kabisa ya ukumbi, akauona mlango wake.

Ulikuwa umesimamishwa peke yake kwenye chuma, bila ukuta wala nyumba, taa tatu zimeuelekea. Rangi ya kijani, na kahawia chini ya kijani palipobanduka. Chini kabisa bati la kopo la mafuta alilolipigilia mwenyewe mwaka ule panya walipotoboa. Watu walikuwa wamepanga foleni mbele yake. Kila mmoja alibisha hodi, akachukua chaki, akaandika kitu. Mtihani. Mkopo. Mama mgonjwa. Sijui. Pasi alizunguka upande wa pili. Kwenye komeo, kwa ndani, kilikuwa kinaning'inia kipande cha kamba ya buluu.

Alisahau kwamba ana vitambaa mikononi. Viliteleza, vikatandazika sakafuni, na mtu mmoja akavikwepa kwa heshima akidhani navyo ni maonyesho.

"Huu mlango ni wangu," alimwambia msichana aliyekuwa anagawa chaki.

"Ni wetu sote, kaka," alijibu msichana kwa tabasamu. "Ndiyo maana ya kazi yenyewe."

"Hapana, dada. Wangu. Wa chumbani kwangu."

Tabasamu likapungua. Alikwenda kumwita msanii, mwanamke kijana mwenye kilemba na macho ya mtu asiyelala. Pasi alimweleza yote, tangu kodi mpaka mlevi, na msanii alimsikiliza mpaka mwisho, jambo ambalo siku hizo hakuna mtu aliyekuwa amemfanyia. Alipofika kwenye kamba, mwanamke yule alifunika mdomo.

"Fundi aliniambia ni wa nyumba iliyobomolewa. Nilikuwa natafuta mlango mkuukuu, akasema huu hauna mwenyewe. Haki ya Mungu, kaka, nisingeuchukua."

"Nakuamini. Sasa tuubebe tu. Nina mgongo, nitaubeba mwenyewe."

Msanii alimtazama, akautazama mlango, akaangalia upande wa ofisi. "Ngoja nimwite msimamizi."

Msimamizi wa maonyesho alikuwa mtu mpole mwenye kitambulisho kifuani. Alisikitika kwanza, kama inavyotakiwa. Halafu akaeleza kwamba kazi ikishaingia ukumbini haitoki mpaka siku ya kufunga, mwisho wa mwezi ujao. Wafadhili wamekwisha kuiona. Mgeni rasmi anakuja jioni kupiga picha hapohapo. Tena kuna suala la bima.

"Mwanangu analala wazi," alisema Pasi.

"Ninakuelewa kabisa. Una ushahidi kwamba mlango ni wako?"

"Kamba hiyo. Kipande cha pili kiko nyumbani, kwenye kitanda cha mama. Twende ukavilinganishe."

"Kamba si ushahidi, kaka. Kamba imeorodheshwa kuwa sehemu ya kazi."

"Na kwa kweli," aliongeza msimamizi baada ya kufikiri, kwa sauti ya mtu anayetaka kusaidia, "kwa maelezo yako mwenyewe, mlango ni wa mwenye nyumba. Wewe ni mpangaji. Angekuja yeye tungezungumza."

Mtu yule hakukosea. Pasi alimgeukia msanii.

"Dada, niachieni basi hata kamba."

Msanii alimtazama msimamizi. Msimamizi alitikisa kichwa, taratibu, kwa huzuni ya kweli. "Hata kamba haitoki."

Msanii alikuwa analia sasa. Alitoa simu, akampigia fundi, simu ikaita bila kupokelewa. Akampigia tena. Alisema hii ni mara yake ya kwanza kuonyesha kazi katika ukumbi kama huu, na kwamba akiitoa leo hataitwa tena popote, na kwamba anajua hayo si maneno ya kumwambia mtu anayelala kizingitini. Pasi alimwonea huruma, akakasirika kwa kumwonea huruma. Nani angemwonea yeye?

"Andika, kaka," alisema mwanamke yule akimpa chaki. "Angalau andika. Watu wasome."

Alitaka kuikataa. Lakini alikuwa amezungumza na mwenye nyumba, na ofisa, na bosi, na msimamizi, na chaki ilikuwa kitu cha kwanza alichopewa. Aliinama kwenye sehemu iliyobaki wazi, juu ya bati lake, akaandika kwa herufi kubwa: MLANGO HUU NI WANGU. TUNALALA WAZI.

Nyuma yake mtu alivuta pumzi. Mwingine akasema, "Ee bwana, hiyo imenigusa." Wakaanza kupiga makofi, wachache kwanza, kisha foleni nzima. Simu ziliinuliwa. Mama mmoja mwenye miwani alimwomba asogee kidogo kushoto ili maneno yaonekane vizuri, na Pasi, ambaye maisha yake yote alikuwa amefundishwa kumheshimu mkubwa, akasogea.

Baada ya hapo aliokota vitambaa. Vilikuwa vimekunjamana. Alivitandika mezani jinsi vilivyo, akavipapasa kwa viganja, lakini kiganja si pasi.

Alifika nyumbani jua likielekea kuzama. Mkewe alikuwa ameshavaa sare ya kazi, anasubiri kizingitini apokewe zamu.

"Nimeuona mlango," alisema Pasi.

"Umepona?"

"Umepona. Wameusimamisha katikati ya ukumbi wa vioo, umewekewa taa. Watu wanapanga foleni kuubishia hodi."

Mkewe alimtazama aone kama ni utani. Alipoona si utani, aliketi kidogo kwenye kizingiti, mkoba magotini. Pasi akasimulia yote, tangu amri ya bosi, na alipofika kwenye makofi mkewe akacheka, kicheko kibaya, akakifuta upesi kwa mkono.

"Na zamu yako ya usiku?"

"Nitajua la kufanya. Wewe wahi."

"Utajua nini?"

"Wahi, mke wangu. Tukikosa wote wawili tutakuwa tumekosa kweli."

Aliondoka akigeuka nyuma kila hatua chache. Pasi aliiweka simu kwenye chaji, juu ya rafu karibu na dirisha, upande wa pili wa chumba, maana waya ulifika hapo tu. Alitandika mkeka. Mwalimu alikuwa amejiinamia juu ya daftari na kidole sikioni. Nyayo zilipita kwenye korido, na kidole kile kikasimama mpaka zikaisha.

"Mwanangu," aliita mama yake kutoka kitandani. "Mlango umerudi?"

Kila jioni alikuwa anauliza hivyo, na kila jioni Pasi alijibu kesho. Leo alimwona mama yake akipapasa ubavuni mwa kitanda, akaikamata kamba, akaivuta, na kamba ikaja yote mapajani mwake, nyepesi, ncha ya pili haijashikwa na chochote. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye hajalala siku nyingi na ameacha kuona aibu kwa hilo.

Pasi aliinuka, akaichukua ncha ya kamba. Ilikuwa fupi. Alitafuta kamba ya viatu, akaiunga, bado haikufika. Mwalimu alimwona, akafungua utepe wa nywele zake akampa bila kusema neno. Ikafika. Aliketi kizingitini, mgongo kwenye fremu moja na nyayo kwenye nyingine, akajifunga kamba kifundoni mwa mkono, akauvuta mkono kwake mpaka kamba ikakaza.

"Vuta, mama."

Mama alivuta. Kamba ilikataa. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi, na Pasi akabana meno.

"Umerudi," alisema mama.

"Umerudi, mama."

"Umefungwa?"

"Umefungwa."

Mwanamke mzee hakuuliza upepo unatokea wapi. Alijilaza ubavu, kamba mkononi, na baada ya muda pumzi yake ikawa nzito. Mwalimu aligeuza ukurasa. Hata yeye kidole kilikuwa kimetoka sikioni.

Giza lilipokuwa limeingia kabisa, simu iliita juu ya rafu. Mwanga wake ulionyesha jina la Bosi. Mwalimu alimtazama baba yake, akaanza kuinuka aikate, isije ikamwamsha bibi. Pasi alimwashiria akae, asome. Yeye mwenyewe alijaribu kunyoosha mkono wa pili, haukufika hata nusu ya chumba. Akisogea kidogo tu kamba ingelegea.

Simu iliita mpaka ikanyamaza. Kisha ikaanza tena.